Mti Mbichi wa Krismasi: Kutoka Misitu ya Ulaya hadi Uwanda wa Iramba

Mti mbichi wa Krismasi ni mti mdogo au tawi kubwa ambalo hukatwa siku chache kabla ya Desemba 25, likaletwa nyumbani au kanisani, likasimamishwa na kupambwa. Safari ya kwenda kuufuata ndiyo iliyoufanya uwe jambo la familia: wazazi na watoto huondoka pamoja, huchagua pamoja na hurudi na mzigo mmoja. Desturi hii ilizaliwa katika nchi za Wajerumani, ikaenea Ulaya na Amerika, kisha ikafika Afrika Mashariki na wamisionari. Ilipofika huku ilikuta miti ya namna nyingine, mvua za majira mengine na kazi nyingine za mwezi wa Desemba, nayo ikabadilika kufuata mahali.

Misigiri ni mahali ambapo mabadiliko hayo yanaonekana vizuri. Mji huu mdogo wa Wilaya ya Iramba, mkoani Singida, uko kando ya barabara kuu ya kwenda Nzega, pale inapochepuka njia ya Kiomboi, makao makuu ya wilaya. Malori yanayokwenda Mwanza, Rwanda na Burundi hupita hapo kabla ya kuteremka Mlima Sekenke kuelekea Shelui na mbuga ya Wembere. Desemba inapofika, mabasi hushusha wana wa Iramba wanaorudi nyumbani kula sikukuu. Wakati huohuo mvua zimeanza, na watu wako mashambani kwenye mahindi, mtama, uwele na alizeti. Krismasi ya Iramba basi ni sikukuu inayoangukia msimu wa kupanda, na jambo hilo lina uzito mkubwa katika habari ya mti.

Ulikoanzia

Kaskazini mwa Ulaya, Desemba ni mwezi wa baridi kali na siku fupi. Miti mingi hupukutisha majani ikabaki matawi makavu, isipokuwa misonobari na jamaa zake. Majani ya miti hiyo ni membamba kama sindano na yamefunikwa nta, kwa hiyo hupoteza maji kidogo sana na kubaki ya kijani mwaka mzima. Tangu zamani watu wa huko walikuwa wakileta matawi mabichi ndani ya nyumba wakati wa baridi. Warumi walipamba nyumba zao kwa majani mabichi katika sikukuu ya Saturnalia, iliyofanyika mwezi huohuo wa Desemba.

Mti wa Krismasi wenyewe ulitokea katika nchi za Wajerumani karne ya 16. Katika kalenda ya kanisa ya wakati ule, Desemba 24 ilikuwa siku ya Adamu na Hawa, na watu waliigiza habari za bustani ya Edeni. Mti wa bustani hiyo uliwakilishwa na msonobari uliotundikwa matofaa mekundu. Baada ya muda mti ulitoka kwenye maigizo ukaingia majumbani. Maandishi ya mwaka 1605 kutoka mji wa Strasbourg yanaeleza jinsi watu walivyosimamisha misonobari vyumbani mwao na kuitundika maua ya karatasi za rangi, matofaa, mikate myembamba na vitu vitamu.

Husimuliwa mara nyingi kwamba Martin Luther ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka mishumaa juu ya mti, baada ya kuona nyota ziking'aa kati ya matawi usiku. Simulizi hiyo inapendwa sana na Walutheri, lakini hakuna andiko la zama zake linaloithibitisha. Luther alifariki mwaka 1546, na habari za mishumaa juu ya mti zinaanza kuonekana karne ya 17. Hata hivyo ni kweli kwamba kwa muda mrefu mti ulihesabiwa kuwa alama ya nyumba za Waprotestanti. Wakatoliki walikuwa na pango la Noeli, desturi inayohusishwa na Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyeandaa tukio la kuzaliwa kwa Yesu katika kijiji cha Greccio, Italia, mwaka 1223. Leo mti na pango vinakaa pamoja katika makanisa mengi, na tangu mwaka 1982, enzi ya Papa Yohane Paulo II, mti mkubwa husimamishwa kila mwaka katika Uwanja wa Mtakatifu Petro mjini Vatikani.

Uingereza iliupokea mti kupitia ndoa za kifalme. Malkia Charlotte, aliyezaliwa Ujerumani, aliusimamisha mmoja huko Windsor mwaka 1800. Lakini uliwafikia watu wa kawaida hasa baada ya mwaka 1848, gazeti la Illustrated London News lilipochapisha picha ya Malkia Victoria, mumewe Albert na watoto wao wakiwa wameuzunguka mti. Nchini Marekani ulipelekwa na wahamiaji Wajerumani. Mwaka 1882, huko New York, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliuwasha mti wake kwa balbu 80 za umeme, na huo ukawa mwanzo wa kuachana na mishumaa, iliyokuwa ikiunguza nyumba.

Mahitaji yalipozidi, misitu ya asili haikuweza kuyabeba. Ndipo yalipotokea mashamba ya miti ya Krismasi, ambako mti hupandwa, hupogolewa na kuvunwa kama zao jingine lolote. Mti wa kimo cha mtu huchukua miaka kama saba kukomaa, na Wamarekani hununua miti mibichi ipatayo milioni 25 hadi 30 kila mwaka. Baadhi ya mashamba huruhusu wanunuzi waingie na msumeno na kukata wenyewe. Katika familia nyingi za huko safari hiyo hufanyika mwishoni mwa juma lilelile kila mwaka, na watoto wakishakua huwapeleka watoto wao.

Ulivyofika Iramba

Afrika Mashariki iliupokea mti kutoka kwa watu ambao kwao Krismasi bila mti haikukamilika. Mwaka 1891 Wamoraviani na Walutheri wa Berlin walianza kazi katika nchi ya Wanyakyusa, na mwaka huohuo Walutheri wa Betheli wakaanza Usambara. Mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro. Hao wa Leipzig ndio waliokwenda hadi Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na kufungua kituo cha Ruruma. Ujerumani iliposhindwa vita, wamisionari wake waliondolewa, na kazi ikabaki mikononi mwa waumini wachache.

Mwaka 1926 kazi ya Iramba ilichukuliwa na Walutheri wa Augustana kutoka Marekani. Kanisa hilo lilikuwa limeanzishwa mwaka 1860 na wahamiaji kutoka Skandinavia, wengi wao Waswidi, nao walikuwa na desturi zao za mti. Kwa Waswidi mti hukaa ndani hadi Januari 13, siku ya Knut, na siku ya kuutoa watoto huuzunguka wakicheza na kuimba, kisha hugawana vitu vitamu vilivyokuwa vimetundikwa. Kwa hiyo Ukristo wa Iramba una mizizi katika nchi mbili ambako mti una heshima kubwa: Ujerumani ya Leipzig na Marekani ya Waswidi. Kiomboi ikawa kitovu cha kazi hiyo, pamoja na hospitali yake. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, linalojulikana leo kama KKKT. Dayosisi yake ya Kati, inayoihudumia Iramba, ina makao makuu mjini Singida. Wakatoliki nao wana Jimbo la Singida, lililoundwa mwaka 1972, na Wapentekoste ni wengi mkoani.

Huku kwetu mti ulianza kuwa kitu cha misheni kabla ya kuwa kitu cha sebuleni. Ulisimama karibu na madhabahu, watoto wa shule ya Jumapili wakauzunguka kwa nyimbo na maigizo ya kuzaliwa kwa Yesu, na kwaya zikaimba kando yake usiku wa mkesha. Kutoka hapo uliingia nyumbani mwa wachungaji, walimu na wauguzi, kisha kwa waumini wengine. Mpaka leo nyumba nyingi za vijijini hazina mti wowote, na sikukuu yao haipungukiwi: ibada, nguo mpya kwa watoto, pilau na kuku wa kienyeji, ambaye mkoa wa Singida unasifika kwaye, vinatosha.

Wapo pia Wakristo wasioukubali. Baadhi ya madhehebu hayaadhimishi Krismasi kabisa, na mengine huiadhimisha bila mti. Wanaoupinga husoma Yeremia sura ya 10, inayozungumza juu ya mti unaokatwa msituni na kupambwa kwa fedha na dhahabu. Wanaoutumia hujibu kwamba nabii alikuwa akikemea sanamu za kuabudiwa, na kwamba hakuna anayeuabudu mti wa Krismasi. Katika jamii kama ya Misigiri, ambako ukoo mmoja unaweza kuwa na Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste na Waislamu, mambo haya huachiwa kila nyumba iamue.

Miti inayotumika

Misonobari ya Ulaya haioti yenyewe Afrika Mashariki. Badala yake desturi imeshikwa na miti kadhaa, mingi ikiwa ya kuletwa.

Unaotumika zaidi katika nyanda za juu ni msaipresi. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na uliletwa Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya mbao. Majani yake ni magamba madogo yaliyobanana, rangi yake ni kijani chenye kijivu, na ukiachwa bila kupogolewa huota kwa umbo la pia iliyogeuzwa. Harufu yake hujaza chumba. Kilimanjaro, Usambara, Arusha na katika nyanda za kati za Kenya hupandwa kuwa ua wa nyumba, na familia hukata mti wa Krismasi kutoka kwenye ua huo. Miaka ya 1980 na 1990 miti hii ilishambuliwa na kidukari kilichoonekana Malawi mwaka 1986, kikaenea Tanzania na kufika Kenya mwaka 1990. Kilifyonza utomvu mpaka matawi yakakauka, na mashamba mengi yaliharibika kabla ya kuletwa nyigu wadogo wanaokiua.

Msindano, nao wa kutoka Meksiko, ndio mti mkuu wa mashamba ya serikali, likiwemo lile la Sao Hill wilayani Mufindi, kubwa kuliko yote nchini. Majani yake marefu hutoka matatu matatu na kuning'inia. Mti mchanga unafaa kwa Krismasi, lakini ukizeeka matawi yake huachana sana.

Mtarakwa ndio wa kwetu wenyewe. Huota katika milima mikavu kuanzia Rasi ya Arabia hadi Zimbabwe, na ndio mti pekee wa jenasi yake unaoota kiasili kusini mwa ikweta. Mbao zake haziliwi na mchwa kirahisi na zina harufu nzuri. Wajerumani waliukata kwa wingi huko Shume, Usambara, kwa ajili ya penseli. Kwa kuwa hukua polepole na umepungua sana, haufai kukatwa kwa pambo la siku chache.

Pwani, na sehemu kavu za bara, kazi hiyo hufanywa na mvinje. Kwa kuutazama mtu anaweza kudhani ni ndugu wa msonobari, lakini sivyo. Zile zinazoonekana kuwa sindano ni vijiti vyembamba vya kijani, na majani halisi ni meno madogo sana kwenye viungo vya vijiti hivyo. Mizizi yake huishi na vijidudu vinavyoupatia mti naitrojeni, ndiyo maana huota hata penye mchanga. Katika viwanja vya mijini huonekana pia araukaria, mti wa kutoka visiwa vya Pasifiki wenye matawi yaliyopangwa ngazi kwa ngazi. Huo mara nyingi hupambwa ukiwa umesimama palepale ulipoota.

Mti mwingine huitwa mkrismasi bila kuhusiana na desturi ya Ulaya. Ni ule wa kutoka Madagaska unaofunikwa na maua mekundu kuelekea mwisho wa mwaka, na ambao hupandwa kandokando ya barabara na katika viwanja vya shule na ofisi. Matawi yake hunyauka upesi yakikatwa, kwa hiyo haupelekwi ndani. Unapamba mji ukiwa mzima, na kwa watu wengi wa bara maua yake ndiyo dalili ya kwanza kwamba sikukuu imekaribia.

Kuufuata mti Misigiri

Uwanda wa Iramba una miombo, migunga na vichaka. Mkoa wa Singida ni mkavu: mvua ya mwaka katika sehemu kubwa yake ni kati ya milimita 600 na 800, na yote huanguka kati ya Novemba na Aprili. Msaipresi hupenda mvua zaidi ya hiyo. Anayetaka mti mbichi Misigiri basi haendi porini, kwa sababu porini haumo. Zipo njia tatu: kuukata kwenye kiwanja cha nyumbani kama ulishapandwa, kuomba tawi kwa jirani, kanisa au taasisi yenye miti hiyo, au kuletewa na msafiri anayetoka nyanda za juu.

Njia mbili za kwanza ndizo zinazoijenga desturi. Watoto hutumwa mapema kwenda kuuliza kama tawi linapatikana. Siku ya kukata, mtu mzima hushika panga au msumeno, watoto hushika matawi yasiburuzwe, na mzigo hurudishwa kwa mguu, kwa baiskeli au juu ya bodaboda. Mjukuu aliyekulia Dar es Salaam, ambaye mti anaoujua ni wa plastiki kwenye duka kubwa, hujifunza hapo kwamba mti una utomvu, una harufu, na una mtu aliyeupanda.

Ukataji una kanuni zake. Wakati mzuri ni asubuhi na mapema, kabla jua halijaunyong'onyeza mti. Jamii za msonobari hazichipui upya zikikatwa chini ya matawi yote ya kijani: shina likibaki tupu, mti umekufa. Anayetaka uendelee kuishi huacha matawi mabichi ya chini, angalau mzunguko mmoja, na moja kati ya hayo huinuka taratibu kuwa kilele kipya. Kwa namna hiyo shina lilelile linaweza kutoa mti mara kadhaa kwa miaka. Kwa mti uliokwisha kuwa mkubwa, tawi moja la pembeni hutosha nyumba ndogo, na mti hautaonekana kupungukiwa.

Mti uliokatwa bado hunywa maji. Utomvu huziba jeraha ndani ya saa chache, kwa hiyo kabla ya kusimamishwa hukatwa tena kipande chembamba cha kitako, sentimita moja au mbili. Hunywa lita moja hivi kwa siku kwa kila sentimita mbili na nusu za unene wa shina, hasa siku za mwanzo. Kwa nyumba isiyo na kisimamio maalumu, ndoo yenye mawe na mchanga uliolowanishwa kila siku hufanya kazi hiyo vizuri. Uwekwe mbali na jiko na mbali na dirisha lenye jua kali. Mti usiopewa maji katika joto la Singida hupukutika kabla ya Krismasi yenyewe, na mti mkavu wa jamii hii hushika moto kwa kasi ya kutisha, kwa sababu ya utomvu wake. Kwa hiyo mishumaa isiwekwe kabisa juu yake. Taa ndogo za umeme au za sola ni salama zaidi, nazo huzimwa watu wakienda kulala.

Mapambo ya Iramba hutokana na vilivyopo: maputo, riboni, karatasi za rangi zilizokatwa na watoto, kadi za zamani na vifuniko vinavyong'aa. Pamba hutandazwa juu ya matawi kuwakilisha theluji, ambayo wengi wa wanaoitandaza hawajawahi kuiona. Zao hilo halitoki mbali, kwani linalimwa katika sehemu za chini za Iramba, upande wa Shelui. Pamba nayo huwaka upesi, na haifai kugusa taa. Juu kabisa huwekwa nyota, kwa kumbukumbu ya ile iliyowaongoza mamajusi hadi Bethlehemu.

Mti wa plastiki

Mti wa plastiki umeingia karibu kila mji wa Tanzania. Haunyauki, hauhitaji maji, hukunjwa ukawekwa kwenye boksi, na kwa sehemu kavu unaondoa shida ya kutafuta. Kwa familia nyingi za mkoa wa Singida huo ndio mti wa Krismasi.

Gharama yake haiishii dukani. Miti hiyo hutengenezwa viwandani, sehemu kubwa nchini China, kwa plastiki na chuma, na haiozi. Shirika la Carbon Trust la Uingereza lilikadiria kwamba mti wa plastiki wa mita mbili hubeba hewa ya ukaa ya kilo 40 hivi. Mti mbichi wa kimo hicho hubeba kilo 3.5 ukichomwa, na kilo 16 ukitupwa jalalani ukaoza. Kwa hesabu hiyo wa plastiki unapaswa kutumika zaidi ya miaka kumi ndipo ulingane na kuchoma mti mbichi kila mwaka. Aliyekwisha kuununua anafanya vyema kuutunza na kuurithisha. Ambaye hajanunua, na ana kiwanja, ana nafasi ya kuchagua njia nyingine.

Sheria na heshima ya miti

Miti ya misitu ya hifadhi haikatwi bila kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inahitaji ruhusa kwa uvunaji katika misitu hiyo, na mashamba ya miti ya taifa yanasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Misitu ya vijiji iko chini ya serikali za vijiji husika. Mti wa Krismasi haujapewa msamaha wowote, na udogo wake si hoja: mti unaofaa kwa sebule ndio uleule mchanga ambao ungekuwa msitu wa kesho. Nchini Kenya ukali wa jambo hili ulionekana Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma, zuio lililodumu hadi 2023.

Katika mkoa kama Singida, ambako uoto wa asili unasumbuliwa na ukataji wa kuni na mkaa, kila tawi lina mwenyewe. Kuomba kabla ya kukata ni adabu ya kale kuliko sheria yoyote iliyoandikwa.

Baada ya sikukuu

Kwa desturi ya makanisa mengi, mapambo hukaa hadi Epifania, Januari 6, siku ya mamajusi. Mti ukitolewa bado una kazi. Shina na matawi makavu ni kuni, ingawa moshi wake una masizi. Matawi madogo yanaweza kutandazwa kuzunguka miche michanga ili kuzuia udongo usikauke, au kutumika kuwazibia mbuzi njia.

Kazi kubwa zaidi ni ya kupanda, na hapa kalenda ya Iramba inaipa desturi hii nafasi isiyopatikana Ulaya. Huko Krismasi huja ardhi ikiwa imelala, haipandiki. Misigiri huja udongo ukiwa umelowa na miezi mitatu au minne ya mvua ikiwa bado mbele. Mche uliopandwa mwishoni mwa Desemba una muda wa kushika mizizi kabla ya kiangazi kuanza mwezi wa Mei. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti kwa sehemu hizi huja mvua zikiwa zinaelekea ukingoni. Wakati wa Krismasi watu wako nyumbani, majembe yako nje na ardhi ni laini.

Shimo la sentimita 60 kwa 60, lililochanganywa samadi ya ng'ombe au mbuzi, linatosha. Mche uzungushiwe miiba dhidi ya mbuzi, na katika kiangazi cha mwanzo na cha pili umwagiliwe hata kwa maji yaliyotumika kufulia, yakimwagwa chini ya mche na si juu ya majani. Msaipresi penye mvua nzuri huongezeka karibu mita moja kwa mwaka. Penye ukame kama Iramba huenda taratibu zaidi, na mvinje unaweza kuwa chaguo salama kwa asiye na maji ya ziada. Anayependa mti wa kivuli kwa ajili ya vizazi anaweza kupanda mwarobaini au mkrismasi, akaupamba ukiwa umesimama uani.

Familia inayopanda mche mmoja kila Krismasi itakuwa na mti wa kukata baada ya miaka michache, kisha mwingine kila mwaka unaofuata, bila kununua, bila kuvunja sheria na bila kupunguza msitu wa mtu. Kwa nchi kavu kama Iramba, desturi ya kuufuata mti mbichi inaweza kudumu kwa njia hiyo tu: mkono unaokata uwe ndio uliopanda.